Muzee Leonari Alikataa Ile Furshe

Hapana, acha nimalize. Unasema ni muzee Leonari njo alimuvunja yaya yangu, kaka yangu mukubwa. Weye ulikuwa pale? Mimi nilikuwa.

Nakumbuka, mvua ilikuwa imekatika tu. Yaya Jado akasukuma kinga, ile baiskeli ya chuma ya marehemu baba, mpaka kwa muzee, pembeni ya soko, penye anatengenezaka kinga za watu. Muzee akatoa furshe, ile miguu mbili ya chuma yenye kushika mupira ya mbele. Akapangusa mafuta, akagonga na nyundo, akasikiliza.

"Jado, hii hapana. Imepasuka ndani ya shingo. Tafuta ingine."

"Sude tu, muzee, unganisha na moto. Kesho nashuka Tchomia, kule ziwani, kuchukua samaki."

"Nikisude, nitakuzika. Mimi mwenyewe siwezi kuipanda."

"Umezeeka. Unaogopa hata chuma."

Muzee akamurudishia furshe na mikono mbili.

Mimi na Jado tukazunguka. Fundi mwengine naye akakataa. Mwisho, nyuma ya kartie, ule mutaa yetu, kijana mumoja akatia moto pale penye imepasuka, akapaka rangi nyeusi juu yake, ikang'aa. Jado akacheka njia yote.

Kwenye mushuko ya Tchomia ikakatika. Sasa Jado iko analala kwa nyumba, muguu haikunji, meno ya mbele hakuna.

Muzee alikuja kumuona, amebeba ndizi. Mama akasimama kwa mulango: "Umekuja kuangalia kazi yako?" Watu wa soko walimuona Jado akiingia kwa muzee, kwa yule kijana hakuna mwenye alituona. Na Jado alisikia yote kwa kitanda. Akageukia ukuta, akaacha waamini ni muzee njo alisude.

Tangu pale, hakuna mwenye anamupelekea muzee kinga. Anafungua asubui, anakaa, anafunga.

Jado ni damu yangu. Ukimutukana, tutapigana hapa hapa. Lakini uongo yake siibebe. Nilimuambia mama kweli, mbele ya Jado. Mama hanisemeshe tena. Sawa.

Mudogo wangu, shika hii. Fundi akikataa chuma yako, usizunguke kutafuta mwenye atakubali. Ule mwenye alikataa, alipoteza kazi yake kwa ajili ya mwili yako. Mungu akupe mutu wa vile, na akupe na masikio ya kumusikia.

Sasa weye, kinga yako inalia pale inje. Utaipeleka kwa nani?