Tao la Masanja

Mimi si mtu wa kutoka. Tangu nije Dubai, safari yangu ndefu ya hiari ni kutoka kitandani kwenda kuongeza baridi ya kiyoyozi. Lakini Ijumaa alinipigia Masanja, fundi muashi wa Al Quoz. Yeye Mnyamwezi, mimi Mzaramo, kwa hiyo ni watani.

"Kesho naondoa mbao chini ya tao la Kirumi. Matofali na chokaa tu, hakuna nondo. Likisimama, arbab, bosi wetu, ananipa unyapara. Likianguka, narudi kuchanganya zege. Njoo, mvivu wee, upate cha kuwasimulia wenzio barazani!"

Jumamosi, saa mbili asubuhi, nikapanda metro Al Qusais. Njiani nikajikumbusha historia ya sekondari. Warumi walianza na vibanda vichache juu ya vilima, kando ya mto. Wakapigana na jirani, wakamshinda, kisha wakamwambia: haya, twende wote tukampige yule wa pili. Mpaka bahari nzima ikazungukwa na dola yao. Kila walikofika walijenga barabara, madaraja, na mifereji ya maji iliyopita juu ya matao. Mimi kufika Satwa tu nilishachoka.

Satwa nikanywa chai ya maziwa, nikadandia basi.

Saa nne, Al Quoz. Tao lilikuwa katikati ya yadi, refu kunishinda mara mbili, limekaa juu ya fremu ya mbao. Masanja alinikumbatia, vumbi lake lote likahamia kwenye shati langu jeupe.

"Umekuja kwenye harusi?"

Arbab, mwenye karakana, akafika. Nami, kwa kutaka nionekane msomi, nikamwambia kwa Kiingereza cha kidato cha nne kwamba, inasemekana, Warumi wakiondoa mbao, fundi alisimama chini ya tao lake mwenyewe.

"Wallah, safi sana!" arbab akacheka. "Nani anasimama?"

Masanja hakusita. "Sir, kwetu msibani mtani ndiye anayechimba kaburi. Kazi za hatari ni zake." Akanigeukia: "Ingia, msomi."

Ningekataa, wangesema Mzaramo kakimbia matofali. Nikaingia, nikasoma dua zote ninazozijua, na nusu ya nisizozijua.

Vijana wawili wakaanza kugonga kabari. Ya kwanza ikatoka. Ya pili. Ilipobaki moja, Masanja akaja akasimama kando yangu, akanishika mkono. Hakutania. Kabari ikatoka, fremu ikashuka, tao likalia *krr*, chokaa ikanidondokea utosini.

Tukatazama juu.

Likasimama.

"Khalas!" arbab akapiga makofi. "Mnyapara, yalla, jenga la pili!"

Masanja akanitazama. "Umelowa, mtani."

"Ni jasho lako hilo."

Alasiri nikarudi, bega kwa bega na watu wa zamu ndani ya basi, chokaa kichwani, na sikujali. Shuleni nilikariri majina ya watawala wa Kirumi hadi nikapata alama. Fundi hakutajwa hata mmoja. Sasa nadhani namjua: viganja vimelowa, na pembeni yake, Mungu akimjalia, mtani aliyeona aibu kukimbia.