Kilomita za Mwisho, Malindi mpaka Mtoni

Nimezaliwa Malindi, mtaa wa mjini kisiwani kwetu, hatua mia mbili kutoka baharini, na mpaka nilipofika miaka thelathini na tisa sikujua kuogelea. Si mimi peke yangu. Wanawake wengi wa mtaani kwetu bahari tuliijua kwa harufu, kwa samaki na kwa boti ya kwenda Pemba. Kuingia tuliingia mpaka magotini, nguo tumezikusanya mkononi, tukacheka, tukatoka.

Mimi ni fundi cherehani. Chumba changu cha kazi kiko chini, na juu, kwa ngazi iliyosimama kama ukuta, ndiko tunakoishi mimi na mama mkwe wangu. Mume wangu alifariki kwa maradhi ya figo, na hatukujaaliwa mtoto. Nilipomaliza eda, kaka yangu alikuja kunichukua nikakae kwake. Mama mkwe alimkaribisha, akampa chai, akamwambia, "Cherehani yake nzito. Hamuwezi kuishusha kwenye ngazi ya mlangoni bila ya kuivunja." Ngazi yenyewe ilikuwa vidato viwili vya mbele ya mlango. Kaka yangu aliangalia vile vidato, akaniangalia mimi, akamaliza chai yake akaondoka. Nikabaki, na hatukulizungumza tena.

Kuogelea kulinijia kwa njia ya kazi. Alikuja mteja mmoja, mwalimu wa kike wa skuli, akataka nimshonee nguo za kuogelea kumi na moja, za kufunika mwili mzima, kwa ajili ya kikundi cha wanawake wanaojifunza katika ufukwe wa Mtoni kila Jumapili asubuhi. Nilikwenda sokoni Darajani nikachagua kitambaa cha kuvutika, nikazishona. Lakini sikuwa na uhakika zitakaaje ndani ya maji, basi Jumapili nikafuatana nao kwenda kuziangalia. Yule mwalimu alinitazama nilivyosimama ufukweni na sanduku langu la sindano, akasema, "Moja si imebaki? Ivae."

Nikaivaa. Miezi mitatu nilikunywa maji ya chumvi. Mwezi wa nne nikaelea, na siku ile nililala chali juu ya maji, masikio yamezama, nikalia bila mtu kujua, maana uso ulikuwa umerowa tayari.

Wale wanawake walikuwa pia wakiendesha baiskeli, na wawili kati yao wakikimbia. Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye triathloni, mashindano ya kuogelea, baiskeli na mbio, moja baada ya jingine bila ya kupumzika. Mwaka wa kwanza nilishiriki yale mafupi, nikamaliza katikati ya kundi. Mwaka uliofuata mwalimu akasema tujaribu yale marefu.

Nilimwambia mama mkwe alipokuwa akichagua mchele.

"Kilomita mbili kasoro za kuogelea," nilisema. "Halafu tisini za baiskeli. Halafu ishirini na moja za mbio."

"Kwa wiki ngapi?"

"Siku moja, mama."

Akatoa kijiwe kwenye mchele, akakiweka pembeni. "Na siku hiyo atapika nani?"

"Nitapika mimi nikirudi."

"Hutoweza," alisema, na akaendelea kuchagua.

Siku tatu hakugusia tena. Siku ya nne alishuka chumbani kwangu, jambo ambalo halifanyi mara kwa mara kwa sababu ya magoti yake, akakaa kwenye kibao wanachokalia wateja. Nilikuwa natia zipu. Akasubiri mashine inyamaze.

"Mimi nilizaa mmoja," alisema. "Mmoja, na nshamzika. Sina mwengine wa kuzika."

Mikono yangu ilibaki juu ya kitambaa. "Nisende, mama?"

"Sikusema usende. Nimesema sina mwengine."

Akainuka taratibu, akashika ukuta, akapanda juu. Nilikaa na ile zipu kwa muda mrefu. Kisha nikaimaliza, kwa sababu mwenye nguo alikuwa anakuja kuichukua jioni.

Tangu siku hiyo, kila niliporudi kutoka Mtoni nilimkuta amesimama juu ya ngazi. Hakuuliza kitu. Ananitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, kama mtu anayekagua gunia lililotoka bandarini, kisha anarudi jikoni. Na maji ya moto ya kuoga yapo tayari, siku zote. Mazoezi ya baiskeli tulifanyia barabara za Kizimbani, kule kwenye vilima na mikarafuu, kwa kuwa kuna kivuli na magari machache. Wanawake waliokuwa wakirudi shamba walituuliza tunakimbizwa na nani. Nikirudi nikimsimulia mama mkwe, anacheka kidogo. Habari za bahari sikumsimulia, wala hakuuliza.

Asubuhi ya mashindano niliamka mapema, nikasali Alfajiri, nikala viazi vitamu na chai. Alikuwa amekaa kitandani kwake, tasbihi mkononi.

"Shikamoo, mama. Mie nnakwenda."

"Marahaba. Mimi sendi kuangalia, nakwambia kabisa."

"Najua."

Alinishika mkono muda mrefu kuliko kawaida. "Uangalie magari," alisema.

Tuliingia majini Mtoni saa moja, watu kama mia hivi, wageni na wenyeji. Nilikuwa nimejiambia nitaanza nyuma, polepole. Lakini maji yakiwa yamejaa mikono na miguu ya watu hayafanani na maji ya Jumapili. Mtu alinipiga teke la bega, nikameza funda, na ghafla kifua kikabana. Sikuweza kuvuta pumzi. Nilitazama ufukwe, nikaona uko karibu, hatua chache tu, na nikafikiri: rudi, nani atakulaumu?

Nikajigeuza chali. Ndilo jambo la kwanza alilonifundisha mwalimu, kwamba ukishindwa na kila kitu, lala. Nikalala, nikatazama mawingu, nikahesabu pumzi mpaka ishirini. Mwanamke mmoja aliyekuwa kwenye mtumbwi wa uokozi akanikaribia. "Bi, nikushike?" Nikamwambia bado. Watu wote walikuwa wameshapita. Nilipogeuka tena bahari ilikuwa wazi, yangu peke yangu, nikaanza kuogelea kama tulivyozoea, mkono baada ya mkono. Konyeza, yule mnyama laini wa baharini, aliniuma shingoni, pale nguo ilipoishia, na mwasho wake ulikuwa kama moto. Nilitoka majini ikiwa ni zaidi ya saa nzima, wa tatu kutoka mwisho, maana wawili niliwapita njiani.

Baiskeli ilikuwa kwenda mpaka karibu na Nungwi na kurudi. Yangu niliinunua mtumba, na fundi mmoja wa baiskeli nyuma ya Darajani aliibadilishia mnyororo na breki. Kwenda kulikuwa kuzuri. Upepo ulikuwa mgongoni, watoto wa vyuo vya Kurani wamejipanga barabarani Mahonda na Kinyasini wanapunga mikono. Kurudi, upepo ule ule ukawa usoni, na jua likapanda. Baada ya Mkwajuni nikapata pancha. Nilijifunza kuziba, lakini kuziba uani nyumbani ni kitu kimoja, na kuziba kando ya lami magari yakikupita ni kitu kingine. Nilitumia dakika ishirini. Mwalimu alikuwa mbele zamani. Sikumwona tena mpaka jioni.

Nilipofika Mtoni kuweka baiskeli, adhana ya Adhuhuri ilikuwa imeshapita. Nilifungua kanga yangu niliyoifunga kwenye mfuko, nikaitandika kando ya baiskeli, nikasali nimekaa, kwa sababu miguu haikukubali kusujudu ikanyanyuka tena. Kisha nikavaa viatu vya mbio.

Mbio zilikuwa Mtoni mpaka Malindi na kurudi, mara mbili, na zilipangiwa muda. Saa tisa na nusu wanafunga. Nilihesabu nikaona naweza, ikiwa sitosimama. Mzunguko wa kwanza sikusimama. Nilipofika Malindi, pale barabara kuu inapopakana na kichochoro chetu, nilitazama, ingawa nilikuwa nimeambiwa hatokuja. Palikuwa na paka tu kivulini. Nikageuka nikarudi.

Mzunguko wa pili ndio ulionivunja. Goti la kulia lilianza kuuma nilipopita Saateni, halafu la kushoto. Nikawa nakimbia nguzo moja ya umeme, natembea mbili. Nilipokaribia Malindi tena ilikuwa saa tisa kamili. Kilomita tano na zaidi zilikuwa mbele yangu, na nusu saa. Mtu mwenye magoti mazima angeweza. Mimi nilijua siwezi, na nikajua pia kwamba kitanda changu kiko hatua mia moja kutoka pale, ndani ya kichochoro, na maji ya moto, na feni.

Alikuwepo. Amekaa kwenye kiti cha plastiki mdomoni mwa kichochoro, mwavuli mweusi juu ya kichwa, baibui limenyooka kama anakwenda harusini. Nikasimama mbele yake. Aliniangalia kama anavyoniangalia juu ya ngazi, kichwani mpaka miguuni, na macho yakakaa shingoni.

"Nini hicho?"

"Konyeza."

"Umepaka kitu?"

"Bado."

"Umeshamaliza?"

"Sijamaliza. Imebaki kurudi Mtoni." Nikashika goti. "Mama, nimechoka. Hata nikifika watakuwa washafunga. Nataka kwenda nyumbani."

Bajaji ilikuwa imesimama nyuma yake, na dereva, jirani yetu wa mlango wa pili, alikuwa akitutazama kwenye kioo.

"Nyumbani kumefungwa," alisema mama mkwe. "Ufunguo ninao mimi. Na mimi nnakwenda Mtoni."

Akainuka, akakunja mwavuli, akaingia kwenye bajaji. Jirani akampakia kile kiti mapajani, maana hapakuwa na pahala pengine pa kukiweka. Wakaondoka. Nilibaki nimesimama barabarani mbele ya mtaa wangu, sina pa kuingia.

Nilicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu asubuhi, na kucheka kukauma mbavu. Kisha nikageuka, nikaanza kutembea kuelekea Mtoni, na baada ya nguzo mbili nikakimbia.

Sikumbuki mengi ya njia ile. Nakumbuka mtu wa duka alinipa kipande cha barafu, nikakiweka shingoni. Nakumbuka nilimfikiria mume wangu bila ya uchungu, kwamba angepanda baiskeli yake pembeni yangu akinieleza habari za mpira, mambo ambayo sikuyataka wala sikuyasikiliza. Saa tisa na nusu ilinipata bado sijafika. Niliitazama saa ya mkononi ikipita, na kwa kweli sikuhisi kitu kikubwa. Nilikuwa nakwenda kuchukua ufunguo.

Mtoni walikuwa wanang'oa mahema. Watu wengi wameshaondoka, saa kubwa ya mashindano imezimwa. Kwenye mstari wa mwisho lilibaki lile zulia jembamba la bluu, na juu ya zulia, katikati kabisa, kiti cha plastiki, na juu ya kiti, mama mkwe wangu. Mwanamme wa makamo, mmoja wa wasimamizi, alikuwa amesimama karibu naye, mkono kiunoni.

"Bi Mkubwa," nilimsikia akisema kwa upole, "zulia lenyewe nataka kulikunja tu."

"Likunje," alisema mama mkwe. "Ukifika hapa nilipo, subiri."

Aliponiona hakuinuka. Alisogeza miguu upande mmoja, akakunja baibui lisikanyagwe, akaniachia nafasi ya mtu mmoja kupita. Nikapita. Yule msimamizi alipiga makofi, na mwalimu wangu, aliyekuwa amelala kivulini na nishani yake shingoni, akaja mbio bila viatu akanikumbatia. Nilikuwa nimechelewa dakika kumi na mbili. Msimamizi alinieleza, kama anayeniomba radhi, kwamba kwa kanuni jina langu halitoingia kwenye orodha. Nikamwambia nafahamu. Akanipa ndizi mbili na chupa ya maji, akamgeukia mama mkwe.

"Sasa naweza kukunja?"

"Sasa waweza," alisema, akanyoosha mkono asaidiwe kuinuka. Niliushika, nikauhisi ni wa baridi kabisa, katika joto lile, na ndipo nilipojua kwamba alikuwa ameogopa siku nzima.

"Nipo, mama," nilimwambia.

"Nakuona," alisema. Kisha akaongeza, "Unanuka."

Nyumbani ngazi haikupandika. Nilipanda kwa mikono na magoti, na yeye nyuma yangu, kiganja chake mgongoni, akinisukuma kwa nguvu ambazo sijui alizitoa wapi. Alinipaka siki shingoni. Akapika yeye, ndizi mbichi na samaki, na mimi nikalala nimekaa kabla sahani haijafika.

Nilizindukana kwa sauti yake. Alikuwa dirishani, simu sikioni, akizungumza na dada yake wa Pemba, kwa sauti ya juu kama kawaida yake, kana kwamba Pemba iko mbali mno kwa simu.

"Kaogelea mpaka Changuu," alikuwa akisema, "kazunguka kisiwa, karudi. Naam. Peke yake. Wenziwe wote kawaacha majini."

Changuu hatukuikaribia, na wenzangu ndio walioniacha. Nilifumba macho tena, nikamwacha aendelee.