Sauti ya Moraa

Kabla ya kuhamia Toronto, Moraa hakuweza kununua nyanya jijini Nairobi bila kuitwa kwa jina lisilo lake. Kwa miaka sita alikuwa mke wa chifu katika mchezo wa runinga wa kila Jumatano, mwanamke mchoyo na mchongezi, na wauza mboga walimchukia kiasi cha kukataa kumpunguzia bei. Alipotusimulia hayo kanisani kwetu Toronto alicheka mpaka machozi. Hakuna sifa kubwa kwa mwigizaji, alisema, kama kuchukiwa kwa dhambi ambayo hakuitenda.

Alikuja mwaka 2002 na binti yake mdogo, Kemunto, kumfuata mume aliyekuwa ametangulia. Baada ya muda mume alihamia Calgary, akanyamaza. Moraa akapanga nyumba mtaa wa Mount Dennis, akasomea kazi ya kuhudumia wazee, akaajiriwa Downsview katika nyumba ya wazee iliyo katikati ya maghala. Picha zake, hata hivyo, alikuwa amezipeleka kwa wakala wa waigizaji. Wamarekani walikuwa wakija Toronto kupiga picha za tamthilia zao. Walibandika vibao vya Chicago kwenye mitaa yetu ili ionekane ya kwao, na Moraa akapita humo nyuma ya watu wenye majina. Alikuwa nesi anayesukuma kitanda. Alikuwa mfagizi. Alikuwa mwombolezaji wa safu ya tatu. Miaka ikaenda bila kupewa neno hata moja la kusema.

Mwaka 2011 wakala alimpigia simu. Katika tamthilia moja kulikuwa na nafasi ya mama Mkenya ambaye mwanawe amepigwa risasi, na maneno yake yote yalikuwa ya Kiswahili. Moraa alikwenda kujaribiwa. Alipomaliza, mwongozaji aliinuka akampa mkono. Jumapili ile tulimwombea kwa jina.

Nafasi akapewa mwigizaji wa Los Angeles, kwa sababu anajulikana. Wakala akaongeza kwamba walimwomba Moraa aje amfundishe Kiswahili.

"Usiende, dada," Leokadia alimwambia. Leokadia alikuwa Mtanzania, jirani yake wa ghorofa moja, na ndiye aliyekaa na Kemunto kila Moraa alipoingia zamu ya usiku. "Watakukamua, halafu wakusahau."

"Nikiwa pale wataniona, Leokadia. Nisipokuwepo wataonaje?"

Akaenda. Yule mwigizaji alikuwa mpole na mwenye bidii, hata Moraa akakosa namna ya kumchukia. Maneno aliyashika. Kulia ndiko kulikomshinda. Alilia kama mtu aliyepoteza funguo. Mwongozaji alipochoka alimwomba Moraa asimame nyuma ya kamera alie yeye, ili mwenzake asikie. Moraa akalia kama mama yake alivyolia siku mwili wa kaka yake Moraa ulipoletwa nyumbani kutoka hospitali. Mafundi waliacha walichokuwa wakifanya. Mikrofoni zilikuwa wazi, zikinasa kila sauti.

Tamthilia ilipoonyeshwa, tulikusanyika sebuleni kwa Leokadia kutazama. Yule mama alipopiga magoti kando ya maiti, sote tuliinamisha vichwa.

"Huyu Mmarekani analia kama mtu wa kwetu kabisa," akasema Kuria, mzee wetu wa kanisa.

"Anayelia ni mimi, Mzee," Moraa akasema. "Ile ni sauti yangu."

Kuria alimtazama kwa huruma, akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayemkubalia mgonjwa. Kemunto, aliyeelewa kila neno, alimnong'oneza mama yake kwa Kiingereza kwamba yatosha, anawaaibisha. Majina yakapita mwishoni. La Moraa halikuwemo. Alivaa koti lake akaondoka kabla ya chai.

Mwaka uliofuata wakamwita tena. Yule mama wa Kikenya alikuwa amependwa na angerudi. Moraa alisema atakuja, ila jina lake liandikwe. Wakamjibu kwamba watafikiria. Siku chache baadaye alimkuta Leokadia kwenye chumba cha kufulia, ghorofa ya chini, anakunja shuka, na mfukoni mwa koti lake mnaning'inia kitambulisho cha wale watu wa filamu.

"Wameniambia umekataa kazi," Leokadia akasema, bila kuinua macho.

"Nilikataa kukosa jina. Kazi sikuikataa."

"Dada, mimi sina jina la kudai. Mimi nafundisha tu maneno."

"Na akishindwa kulia?"

Leokadia akavuta shuka nyingine, akaanza kuikunja. Moraa alizitoa nguo zake kwenye mashine zikiwa bado mbichi, akapanda nazo juu.

Hawakugombana, wala hawakukaa tena benchi moja kanisani. Picha zake Moraa aliziondoa kwa wakala. Tulipomwomba asimamie igizo la Krismasi la watoto alisema yeye ni mhudumu wa wazee, tumtafute mwigizaji.

Mpaka mwaka 2017 alikuwa bado Downsview. Tamthilia ile ilikuwa ikirudiwa mchana, na bibi mmoja aliyehudumiwa naye, Naseem, aliipenda sana. Siku moja, yule mama alipoanza kulia, Naseem alimshika Moraa mkono akamuuliza kama kweli kwao watu hulia hivyo.

"Sijui," Moraa akamwambia, akamgeuza ubavu ili ambadilishie shuka.