Hakuanguka Kwenye Maoni

Mnisamehe mwandiko wangu, na nikikosea herufi msinicheke. Niliishia darasa la nane na ninaandika polepole. Kuongea mbele ya watu naona haya, lakini hili niko nalo rohoni na hasira haijaisha.

Wadogo zangu, kuna siku moja siisahau. Hapa kwetu nje ya Kitengela tunachonga mawe ya kujenga. Mvua hujaza maji mashimo tuliyochimba, na ng'ombe wakiyanusa huja kunywa. Kwa hivyo kila jioni mtu wa mwisho kutoka hufunga njia kwa matawi ya miiba. Hakuna aliyeandika sheria hiyo. Kila mtu anaijua.

Binamu yangu Parsaloi aliibeba ile miiba akaenda kuziba boma la mbuzi wake. Asubuhi tukamkuta ng'ombe wa mama Naserian ndani ya shimo, amevunjika shingo. Mama Naserian ni mjane, na watoto wake walitegemea maziwa ya ng'ombe huyo tu. Alikuwa amekaa ukingoni, kibuyu cha kukamulia mikononi, kitupu.

Parsaloi hata hakuinamisha kichwa. "Mimi nikijiuliza rohoni, sioni ubaya. Nyinyi mkiona ni kosa, hayo ni maoni yenu. Siku hizi kila mtu na ukweli wake."

Na vijana wengine wakaitikia, ati amesema kisomi!

Nyanya yetu, kokoo, alikuwa amefika na fimbo yake.

"Parsaloi, ukipenda chai ya rangi na mimi ya maziwa, hapo kila mtu na mdomo wake. Lakini huyu ng'ombe ameanguka shimoni. Hakuanguka kwenye maoni."

"Kokoo, dunia imebadilika."

"Shingo ya ng'ombe haijabadilika." Akatugeukia. "Nendeni mtoe miiba yote kwa boma lake, mrudishe hapa. Roho yangu inaona ni vyema mbuzi wake walale wazi, fisi wajipitie."

"Kokoo! Huo ni uonevu! Ni makosa!"

"Makosa? Ama ni maoni yako tu?"

Mtu mmoja alicheka. Mama Naserian hakucheka. Parsaloi akamtazama, mara ya kwanza asubuhi ile, na akainamisha kichwa.

"Neno hilo ulilijua wakati wote, mwanangu," kokoo akasema. "Ulilificha mpaka likufae wewe. Mkuki kwa nguruwe mtamu."

Jioni Parsaloi alimpeleka ng'ombe wake wa maziwa, na ndama wake, kwa mama Naserian. Kisha akakata miiba mipya, akafunga shimo mwenyewe.

Wadogo zangu, roho ikinyamaza haimaanishi hujakosa. Hata roho hulala. Kama kosa ni maoni tu, siku mtakayodhulumiwa mtamlilia nani, na kwa neno gani? Kabla hujasema "kwangu ni sawa," nenda ukaseme mbele ya aliyeumia, ukimwangalia machoni.

Mungu awape mvua, maziwa, na roho zilizo macho. Na kama huko kwenu kuna shimo lililoachwa wazi, niandikieni. Nasoma polepole, lakini nitajibu.