Inchi Thelathini na Tano

Mimi kazi yangu ni kushona sare za shule, miaka kumi na moja sasa, na aliyenishikisha mkasi ni wifi yangu mwenyewe, dada yake mume wangu. Tulikaa mashine kwa mashine, mimi dirishani, yeye mlangoni. Mwanamke yule nilimwamini kuliko macho yangu.

Mimba yangu ya kwanza ilitoka ikiwa na miezi sita. Ya pili ilipoingia nilimwambia yeye kabla hata ya mume wangu. Akafunga mlango, akanizungushia futi ya kupimia nguo kiunoni. Inchi ishirini na tisa.

"Ile ya kwanza uliitangaza mapema, watu wakaitia jicho," akaniambia. "Hii nyamaza nayo. Kliniki usiende mpaka hapa pasome thelathini na tano. Ukienda mapema wanakurudisha tu nyumbani."

Mume wangu naye? "Dada anajua hayo mambo," akasema, akaendelea kula.

Basi mimi, fundi mzima, nikaiamini futi! Kila Jumatatu ananipima. Yeye pia alikuwa mjamzito, tumepishana wiki chache, kwa hiyo akijipima mbele yangu na kuguna, "Aka, hata mimi bado." Tunacheka. Kichefuchefu kilinikondesha, futi ikagoma kupanda. Kichwa kikiniuma ananiambia ni joto la pasi. Na kazi ilitufika shingoni: sare mia tatu, shule zinakaribia kufunguliwa. Mara kwa mara alitoka asubuhi kwenda kununua vifungo, nikabaki nashona peke yangu. Sare zenyewe zilikuwa za zipu. Sikujiuliza, mjinga mie.

Siku tuliyokabidhi mzigo nilifungua droo yake kutafuta sindano, nikakuta kadi ya kliniki. Jina lake. Hudhurio la kwanza: wiki ya nane. Chini yake la pili, la tatu, la nne. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na nguo zote tulishona pamoja. Nikamwekea kadi juu ya mashine.

"Wifi, hii nini?"

Hata haya hakuona. "Ungeenda wangekuambia upumzike, kwa sababu ya ile ya kwanza. Sare mia tatu ningeshona na nani?"

Nilitoka vile vile, vipande vya uzi vimeganda kwenye gauni, miguu imevimba mpaka viatu nimevikanyaga visigino. Kliniki, muuguzi alinipima presha, akatazama kipimo, akanipima tena.

"Mama, ya kwanza ilitoka na miezi sita, halafu na hii unakuja mwezi wa sita?" akasema. "Ulipokosa tu siku zako ungekuja. Mwisho kabisa kabla ya wiki ya kumi na mbili. Siwezi kukuahidi kwamba yote yangekwenda sawa, lakini presha tungeifuatilia tangu mwanzo, na kuna dawa tungekuanzishia mapema."

"Niliambiwa mnarudisha watu."

"Nani kakuambia?"

Niliona aibu kumtaja. Hebu fikiria, aibu nione mimi!

Wakanilaza siku ile ile. Siku ya tisa presha ilipanda, wakasema mtoto atoke au twende wote wawili. Alikuwa wa kike. Alivuta pumzi kidogo, akanyamaza. Nilikuwa nimemshonea kofia, ikamzidi kichwa.

Wifi alikuja msibani, tumbo limejaa vizuri, afya tele. Akapita katikati ya wanawake wote, akanikalia karibu, akanishika mikono yangu miwili. Mume wangu amesimama pale mlangoni, anasikia.

"Pole, wifi yangu," akasema. "Hii ni mipango ya Mungu."

Nikaichomoa mikono yangu.

"Mungu hakunipima kiuno," nikamwambia. "Ulinipima wewe."