Bibi Aliyekunywa Chupa Yangu

Mnaotaka kucheka, chekeni kwanza mmalize, kisha nikuambieni. Haya yalinifika mimi, wallahi, mchana kweupe, mwaka wangu wa mwisho chuoni, nikisomea mawe na maji.

Maji nayo yana elimu? Yana. Machoni ni yale yale, lakini ndani yake mna chembe nzito na nyepesi. Wenyewe wanaziita isotopu. Ukizipima utajua mvua iliyoyaleta ilinyesha mlimani au karibu na bahari, na kama ni ya juzi au ya enzi za mababu. Sharti chupa ijae pomoni, izibwe hapo hapo, isifunguliwe tena. Nilibakiwa na kisima kimoja tu, kando ya wadi la Mintirib, bonde la mto uliokauka, ambako mvua ilishasahaulika. Dokta aliyenifundisha aliniambia wazi: nikiikosa chupa hiyo, shahada sipati.

Nikateka, nikaziba, nikaandika tarehe. Mwenye kisima akafunga, akaenda zake mjini Sur. Nimeshika njia ya kurudi nyumbani Ibra, akanisimamisha bibi kavaa barakoa ya kibedui. Akasema, kwa Kiswahili cha Unguja mjini, "Mwanangu, nina kiu."

Jangwani, jamani. Nikamwambia shikamoo, akaitika marahaba. Maji yangu ya kunywa nimeshayamaliza, na kesho yake ndiyo siku ya kupeleka chupa. Wewe ungefanyaje? Kwetu mwenye kiu hanyimwi, hata awe adui. Nikaifungua, roho inaniuma. Akanywa yote.

"Haya ya zamani mno," akasema. "Nitakulipa mapya."

Nilipofika nyumbani nikaitoa nimwonyeshe mama balaa langu. Chupa imejaa pomoni, imezibwa. Niaminini.

Nikaipeleka hivyo hivyo. Majibu yakatoka: visima vingine vyote mvua ya kale, changu mvua mpya ya mlimani. Dokta akachemka, akaniuliza kama nimejaza bafuni. Akanipakia garini, tukarudi Mintirib akateke mwenyewe.

Tukakuta wadi linatiririka. Mvua imenyesha usiku kucha, kisima kimejaa, watu wazima wanarukaruka majini na kanzu zao za dishdasha. Nilifurahi mpaka nikalia. Dokta akateka, akapima: sawasawa na yangu. Akaitazama tarehe kwenye chupa yangu, akaitazama tena, akanisainia.

Kisima hakijakauka tangu siku ile. Dokta nikikutana naye ananiulizia mama tu, habari ya chupa haigusi.

Basi nawe unayepita njia zile, beba maji ya ziada. Ukiombwa, mpe kwanza anywe. Miguu yake utaitazama baadaye.