Jedwali Nililolibandika Nachingwea

Kosa langu la kwanza kazini lilikuwa zuri kwa macho. Lilikuwa jedwali la rangi mbili, kijani na nyekundu, majina ya walimu upande wa kushoto na matokeo ya wanafunzi wao upande wa kulia. Nililibandika kwenye ubao wa matangazo wa chuo chetu hapa Nachingwea, nikarudi nyuma kutazama kama limepinda. Halikupinda. Siku hiyo nilikula nikashiba, jambo ambalo kwangu, mtu wa wasiwasi, si la kila siku.

Najua kumbukumbu za kazi huandikwa na wazee waliostaafu. Mimi sijafika miaka thelathini. Lakini mkataba wangu unaisha, na Mkuu wa Chuo ameniomba nimwandikie atakayekalia kiti changu namna kazi ilivyofanyika wakati wangu. Mwanzo huu nimeufuta na kuuandika upya mpaka naona aibu.

Niliajiriwa kuwa msaidizi wa tathmini. Chuo chetu ni kidogo, kinafundisha kilimo, na kina tawi Ruangwa. Kazi yangu haikuwa kuwapima wanafunzi. Ilikuwa kuwasaidia walimu wajue kama wanafunzi wao wamejifunza kweli walichofundishwa, na wajue wamejuaje. Sikuisomea. Nilisomea kilimo cha mazao, ngazi ya stashahada. Mambo ya tathmini niliyaokota kwenye simu, bando likiisha nasubiri jingine, na kila nilichokisoma nilikiamini kama msahafu.

Siku ya kwanza Mkuu wa Taaluma alinipokea mlangoni.

"Wewe ndiye wa tathmini?"

"Ndiye mimi. Shikamoo."

"Marahaba. Sikiliza, kijana. Walimu hawa kufundisha wanajua. Wanachokosa ni ushahidi. Wasaidie kupata ushahidi. Usije ukawafundisha kufundisha, watakuchukia na mimi sitakutetea."

Kisha akanipeleka darasani kwa Mwalimu Hamisi, mtu mzima mwenye sauti ya kuuzia mnadani. Alimaliza somo, akageukia wanafunzi.

"Mmeelewa?"

"Ndiyooo!"

"Kuna swali?"

"Hapanaaa!"

Akanitazama. "Umesikia mwenyewe? Hiyo ndiyo tathmini, mwanangu. Kaandike."

Darasa likacheka. Nami nikacheka, huku mgongo umelowa jasho.

Tukaanza na vigezo. Kigezo ni jambo la kuonekana ambalo mwanafunzi akilifanya, mtu yeyote anaweza kusema huyu ameweza. Tulichagua somo moja ambalo kila mwalimu wa mazao hulifundisha: kubebesha mikorosho. Unachukua mche mchanga uliokua kwenye kiriba, kile kimfuko cha plastiki chenye udongo, unaukata kichwa, unaupasua kidogo, unapachika kikonyo, yaani kijiti cha ncha kilichokatwa kwenye mkorosho mama wenye mazao mazuri, kisha unafunga kwa utepe wa plastiki. Mikono ikiwa sahihi, vinashikana na kuchipua. Mikono ikikosea, kikonyo kinakauka.

Niliandika: "Mwanafunzi amebebesha miche kwa usahihi." Mbele yake nikaweka visanduku viwili, Ameweza na Bado. Nilitumia asubuhi nzima kupanga upana wa visanduku.

Walimu waliponirudishia fomu walizojaza, darasa la Mwalimu Hamisi lilikuwa kijani karibu lote. Walimu wengine wa Nachingwea walimfuata kwa karibu. Kule Ruangwa, darasa la Mwalimu Rehema lilikuwa nyekundu zaidi ya nusu. Nikalibandika lile jedwali. Sikumwuliza mtu. Nilidhani ushahidi ni kitu cha kuonyeshwa. Mtu akalipiga picha, na kabla ya saa ya chai lilikuwa limefika Ruangwa kwa WhatsApp.

Mkuu wa Chuo aliniita ofisini.

"Kazi safi. Sasa najua nani ananichelewesha. Mkataba wa Madamu Rehema unaisha mwisho wa muhula huu, na siuongezi. Nenda ukakae naye siku chache, uniambie kinachomshinda."

Nilitaka kusema kitu. Nilisema, "Sawa, Mkuu."

Nikapanda pikipiki kwenda Ruangwa, vumbi mpaka kwenye kope. Mwalimu Rehema nilimkuta kwenye kitalu, anamwagilia. Ni mwanamke wa makamo, mjane, anasomesha watoto wawili kwa mshahara wa mkataba ule ule tuliokuwa tukiujadili ofisini. Hakuacha kumwagilia.

"Karibu, Bwana Vigezo. Umekuja kuniosha, au maiti tayari imeshavikwa sanda?"

"Nimekuja kusaidia, Madamu."

"Ile nyekundu uliichagua mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Inawaka. Mwanafunzi wangu mmoja, mtoto wa kijiji cha Chunyu, ndiye aliyenionyesha kwenye simu yake. Akaniuliza, 'Madamu, huyu ni wewe?'"

Nilikaa nyuma ya darasa lake siku mbili, natafuta kinachomshinda. Sikukiona. Alimwita mwanafunzi mmoja mmoja mezani, akatazama kisu kinavyoshikwa, akasahihisha kidole gumba, akarudia. Siku ya pili, wanafunzi walipotoka, alikaa kwenye dawati akajipepea kwa daftari.

"Pengine ni kweli sijui kufundisha," alisema. "Nilikuwa najiona naweza. Lakini wenzangu darasa zima linaweza, mimi nusu hawawezi. Utasemaje?"

Nikauliza swali ambalo nilitakiwa kuliuliza kabla ya kuchora mstari wowote. Nililiuliza hata bila akili, nikitaka tu nisikae kimya.

"Miche uliitazama siku gani?"

"Ah, hapo nisamehe, mdogo wangu. Nilichelewa. Tulipomaliza kubebesha nikapigiwa simu, nimefiwa na shangazi kule Chinongwe. Nikakaa msibani, na nilipotoka huko nikaumwa. Niliporudi, vikonyo vilivyochipua vimechipua na vilivyokufa vimekufa. Nikaandika nilichokikuta. Najua nilipaswa kujaza siku ile ile kama wenzangu."

Aliniomba msamaha. Mimi.

Atakayekalia kiti changu, hapa nataka usome polepole. Kikonyo kikishakatwa hubaki kibichi siku kadhaa hata kama hakijashikana na kitu. Siku ya kubebesha kila mche ni mzima. Walimu wa Nachingwea walitazama siku ile ile, kwa sababu tarehe ya kukusanya alama ilikuwa karibu na kigezo changu hakikuwaambia wasubiri. Walipima ufungaji wa utepe. Mwalimu Rehema, kwa sababu ya msiba tu, alipima uhai wa mche. Mimi nikaviweka vipimo hivyo viwili safu moja na kuvipaka rangi.

Nilirudi Nachingwea nikaenda moja kwa moja kwenye kitalu cha Mwalimu Hamisi. Miche mingi ilikuwa na vikonyo vya rangi ya kahawia. Mwenyewe alinikuta nimechuchumaa.

"Unahesabu maiti?" akasema, lakini hakucheka.

"Mwalimu, ulijua?"

"Nilianza kuona wiki iliyopita."

"Twende wote kwa Mkuu."

"Nikajivue nguo ofisini? Tangu ubandike karatasi yako naitwa Bingwa hadi kwa muuza chapati. Na mama yule nina undugu naye wapi?" Akaokota kiriba kimoja, akakirudisha. "Nenda wewe. Karatasi ni yako."

Nikaenda. Nilikuwa bado kwenye kipindi cha majaribio, na kwa mtu kama mimi, ambaye nukta ikikosewa humnyima raha, kusema "kazi yangu yote ni mbovu" ni kama kumeza jiwe. Nilisema nimesimama, mikono nyuma.

"Mkuu, lile jedwali lina makosa."

"Jedwali lako mwenyewe?"

"Langu. Madamu Rehema hana kosa. Naomba uje kwenye kitalu."

Alikuja, amekunja uso. Mwalimu Hamisi bado alikuwa pale. Mkuu akashika kikonyo kimoja kwa vidole viwili, akakivuta kidogo, kikachomoka kwenye mche kama njiti ya kiberiti.

"Mwanafunzi wa mche huu alipata nini?"

"Aliweza, Mkuu," nikasema.

"Aliweza nini?"

Ndipo Mwalimu Hamisi akakohoa. "Mkuu, mimi nilijaza siku ile ile tuliyobebesha. Fomu haikusema lini. Wangu nao nusu hawajui, tena pengine zaidi."

Mkuu akakigeuza kile kikonyo mkononi. Akasema, "Mkulima wa Naipingo akimwita mtoto huyu abebeshe miche yake, atamlipa kwa hii?" Akaitupa njiti. "Kabandue karatasi yako. Mama yule aendelee."

Mkataba wa Mwalimu Rehema ukaongezwa. Nilienda Ruangwa mwenyewe kumwambia. Alinishukuru, akanipa maji ya kunywa, kisha akasema kwa upole kabisa: "Umeibandua huko. Kwenye simu za watu bado ipo." Ni kweli. Ipo hadi leo, na sina la kufanya.

Baada ya hapo muhula mzima walimu walinipa alama za kijani tupu. Hakuna aliyetaka kuwa mwekundu wa pili. Hapo nilijifunza kwamba mwalimu akiogopa, kigezo kizuri kuliko vyote kinakuwa pambo. Ilibidi nizunguke, chumba kwa chumba, nikae, nisikilize, na niahidi mbele ya Mkuu kwamba matokeo ya darasa hayatatumika kuamua mkataba wa mtu. Mkuu aliahidi pia, kwa shingo upande, na ameshika ahadi yake.

Kilichobadilika ni hiki. Kila kigezo sasa kinataja siku ya kutazama. Cha kubebesha husubiri machipukizi. Matokeo hayabandikwi popote. Walimu huyasoma wenyewe kwanza, Nachingwea na Ruangwa pamoja, wakiulizana kilichoshindikana na watakachofundisha upya. Msimu uliopita Mwalimu Hamisi aliandika Bado kwa zaidi ya nusu ya darasa lake, akaileta fomu ofisini kwangu mchana, mlango ukiwa wazi na watu wakipita.